Kweli kinzani katika Macbeth: nawezaje kuichambua badala ya kuitaja tu?

Mwanagenzi_wa_Fasihi

Hamjambo wanajukwaa. Nasoma Macbeth ya Shakespeare, tanzia ya jemadari wa Uskoti anayemuua mfalme wake Duncan ili atwae taji, na nimekwama kwenye kweli kinzani. Kuiona si tabu. Wachawi wanasema "kizuri ni kibaya, kibaya ni kizuri". Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anaambiwa atakuwa "mdogo kuliko Macbeth, na mkubwa kumliko". Macbeth anaahidiwa kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Tabu inaanza pale ninapotakiwa kueleza. Nikishaandika "hii ni kweli kinzani kwa sababu inajipinga", sina la kuongeza.

Naomba kujua mambo matatu. Mpaka uko wapi kati ya kweli kinzani, tanakuzi na kinaya? Ule utabiri wa msitu wa Birnam na wa Macduff, yule anayemuua Macbeth mwishoni, ni kweli kinzani au ni hila ya maneno tu? Na kwa nini tamthilia hii imejaa mbinu hii kiasi hiki, inafanya kazi gani katika tanzia nzima? Mkijibu, tafadhali tajeni tendo na onyesho ili nifuatilie kwenye kitabu.

Mwl_Tamthilia

Karibu. Nianze na swali la kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. (Nitaandika 1:3 kwa maana ya Tendo la 1, Onyesho la 3. Mistari nimeifasiri mwenyewe.)

Kweli kinzani ni kauli au hali inayoonekana kujipinga, lakini ukiitafakari unakuta ina ukweli ndani. "Kimya kingi kina mshindo mkubwa" ni mfano tosha: kimya na mshindo havipatani, lakini kila aliyeishi na mtu mwenye kinyongo anaelewa methali inasema nini. Kwa hiyo lazima viwepo viwili: mgongano unaomfanya msomaji asite, na ukweli anaoufikia baada ya kusita. Usipouona huo ukweli, uchambuzi wako bado haujaanza.

Tanakuzi ni finyu zaidi. Ni maneno ya kinyume yaliyowekwa bega kwa bega. Romeo anayamwaga mfululizo katika Romeo and Juliet 1:1: moshi mng'avu, moto baridi, afya gonjwa. Hajengi hoja yoyote pale, anaonyesha moyo uliovurugika. Tanakuzi inaweza kuwa kitofali ndani ya kweli kinzani, ila yenyewe haitoi hoja.

Kinaya kiko nje ya kauli. Tazama 1:4. Mfalme Duncan anamzungumzia mkuu wa Cawdor aliyemsaliti, anasema hakuna ufundi wa kuusoma moyo wa mtu usoni, na kwamba alimwamini mtu yule kabisa. Papo hapo Macbeth anaingia, ambaye ndiye mkuu mpya wa Cawdor, na Duncan anampokea kwa sifa tele. Kauli ya Duncan haijipingi hata kidogo. Mgongano uko kati ya maneno yake na kile hadhira inachokijua.

Kosa linalojirudia sana kwenye majibu ya wanafunzi ni ule mstari wa Lady Macbeth, mkewe Macbeth, katika 1:5, "fanana na ua lisilo na hatia, ila uwe nyoka aliye chini yake". Hiyo wanaiita kweli kinzani. Sivyo. Ua na nyoka ni vitu viwili, kimoja juu na kingine chini, na hakuna anayedai kwamba ua ndilo nyoka. Ni taswira ya unafiki, ichambue hivyo.

Sasa namna ya kufanya kazi. Kwa kila kauli uliyoichagua, jibu haya kwa mpangilio huu:

1. Ni maneno gani hasa yanagongana? Yaandike, usiseme tu "kauli inajipinga".
2. Upande wa kwanza ni kweli kwa maana ipi, na upande wa pili kwa maana ipi?
3. Nani anaisikia kauli hiyo, na anafanya nini kwa sababu ya kuisikia?

Wengi wanaishia namba 1. Namba 3 ndiyo inayoiunganisha mbinu na tanzia.

Tujaribu kwa Banquo, 1:3. Wachawi wanampa salamu tatu: mdogo kuliko Macbeth na mkubwa kumliko, asiye na heri kama yeye, lakini mwenye heri zaidi, utazaa wafalme ingawa wewe hutakuwa mfalme. Ya kwanza na ya pili hazina ufunguo zikisomwa peke yake. Ya tatu inazifungua: udogo ni wa cheo, ukubwa ni wa uzao. Waweza pia kuongeza ukubwa wa uadilifu, maana Banquo anasikia majaribu yaleyale na haui mtu.

Kisha namba 3. Aliyeibeba kauli hiyo moyoni ni Macbeth, ambaye hata hakuambiwa yeye. Katika 3:1, akiwa ameshavaa taji, anaikumbuka na kulalamika kwamba wachawi wamemvika taji lisilozaa na kumshikisha fimbo tasa, kwamba ameichafua roho yake kwa faida ya watoto wa Banquo. Onyesho hilohilo anawatuma wauaji. Banquo anauawa katika 3:3 na mwanawe Fleance anatoroka. Kauli ya mistari mitatu imeua mtu na kuacha ukweli wake ukiwa hai.

Msomaji_wa_Usiku

Mwalimu ameeleza vizuri. Mimi nichukue swali la pili, la Birnam na Macduff.

Swali la "kweli kinzani au hila" linajibiwa kwa kuuliza nani anasikia na lini. Fungua 4:1 uangalie mizuka mitatu kwa macho mawili, kwa sababu wachawi hawatoi maneno peke yake, wanatoa na picha.

Wa kwanza ni kichwa kilichovaa kofia ya chuma. Kinasema: jihadhari na Macduff. Wa pili ni mtoto aliyelowa damu. Anasema: hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru Macbeth. Wa tatu ni mtoto aliyevaa taji na kushika mti mkononi. Anasema: Macbeth hatashindwa mpaka msitu mkubwa wa Birnam upande kilima cha Dunsinane kumjia.

Ukiyasikiliza maneno, unapata matumaini. Ukizitazama picha, unapata majibu. Mtoto mwenye damu ni Macduff, aliyetolewa tumboni kwa kupasuliwa. Mtoto mwenye taji na mti ni Malcolm, mwana wa Duncan na mrithi halali, ambaye katika 5:4 anaamuru kila askari akate tawi alibebe mbele yake ili adui asijue idadi ya jeshi. Na kile kichwa, wasomaji wengi wanakiona kuwa ni cha Macbeth mwenyewe, ambacho Macduff anakileta kikiwa kimekatwa mwishoni mwa Tendo la 5. Ufunguo umewekwa mbele ya macho yake, yeye anatumia masikio.

Kwa Macbeth zile kauli mbili si kweli kinzani kabisa. Anazisikia kama njia nyingine ya kusema "kamwe". Nani anaweza kuuandikisha msitu jeshini, anauliza, au kuuamuru mti ung'oe mzizi wake? Haoni mgongano wowote, kwa hiyo hatafuti maana ya pili. Kwa hadhira inayoijua hadithi, au inayoitazama kwa mara ya pili, ni kweli kinzani tupu: mtu aliyepo duniani na hakuzaliwa na mwanamke, msitu unaotembea.

Mgongano halisi anaokabiliwa nao pale ni mwingine, na watu wengi wanaupita bila kuuona. Mzuka wa kwanza unasema mwogope Macduff. Wa pili unasema usimwogope mtu yeyote. Hayo mawili hayawezi kukaa pamoja bila maelezo, na mtu makini angeuliza: je, Macduff ni nani hata atolewe nje ya kanuni? Macbeth anasema "basi ishi, Macduff, nina haja gani ya kukuogopa?", halafu kabla hajanyamaza anaamua kumuua hata hivyo, ili ajihakikishie maradufu. Anaamini utabiri na haamini, vyote kwa pamoja, na badala ya kuufikiria mgongano anaufunika kwa upanga. Akisikia Macduff amekimbilia Uingereza, anatuma watu wakawaue mkewe na watoto wake (4:2). Macduff aliyeondoka akiwa mpinzani anarudi akiwa baba na mume aliyeporwa kila kitu. Usalama anaoutafuta ndio unaomtengenezea hatari. Hiyo ni kweli kinzani ya muundo, haimo katika mstari mmoja, imo katika mpangilio wa matukio.

Kuhusu "kuzaliwa": katika 5:8 Macduff anasema alinyofolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati. Kuzaliwa kunaweza kumaanisha kupata uhai kutokana na mama, na kunaweza kumaanisha tendo lenyewe la mama kujifungua. Mzuka ulitumia maana ya pili, Macbeth alisikia ya kwanza. Ukumbuke pia kwamba enzi zile upasuaji huo kwa kawaida ulifanywa mama akiwa amefariki au yu mahututi, kwa hiyo hadhira ya London haikuiona tofauti hiyo kuwa ndogo kama tunavyoiona leo. Macbeth mwenyewe anatoa hukumu hapo hapo: asiaminiwe tena pepo anayecheza na maana mbili, anayeitimiza ahadi sikioni na kuivunja kwenye tumaini.

Linganisha na Banquo katika 1:3, mara tu utabiri wa Cawdor unapotimia. Anaonya kwamba mara nyingi vyombo vya giza hutuambia ukweli, hutuvuta kwa mambo madogo ya kweli ili vitusaliti kwenye jambo zito. Onyo hilo liko mwanzoni mwa tamthilia, na Macbeth amesimama palepale.

Mdau_wa_Jukwaa

Nakubaliana na Msomaji kuhusu 4:1. Ninachopinga ni hiki: ukizichukua kweli kinzani zote kama vitendawili vyenye jibu, utaiacha nje sehemu iliyo bora zaidi. Kuna zile zenye ufunguo, na kuna zile zisizofunguka, nazo za pili ndizo zinazomfanya Macbeth awe mtu na si kibaraka wa wachawi.

Rudi 1:3, uzungumzi nafsia wake wa kwanza, yaani maneno anayojisemea mwenyewe. Ushawishi huu hauwezi kuwa mbaya, hauwezi kuwa mzuri. Ukiwa mbaya, kwa nini umenipa dhamana ya mafanikio kwa kuanza na ukweli? Ukiwa mzuri, kwa nini nywele zinanisimama na moyo unanigonga mbavuni? Hapa hakuna neno lenye maana mbili la kutafuta. Pande zote mbili zina ushahidi wake, mmoja akilini, mwingine mwilini. Anamalizia kwa kusema hakuna kilichopo ila kile kisichokuwepo. Maana yake inaeleweka: mauaji ambayo hayajatendeka yameijaza akili yake mpaka vitu halisi vimefutika. Kauli hiyo inaandaa jambia analoliona hewani katika 2:1 na mzuka wa Banquo unaoketi kitini pake katika 3:4. Asiyeichambua kauli hii atashindwa kueleza kwa nini jambia lile linaaminika jukwaani.

Pili, maneno ya kwanza kabisa ya Macbeth katika tamthilia: "siku mbaya na nzuri namna hii sijapata kuiona" (1:3). Maneno ya wachawi katika 1:1 hakuyasikia, hakuwepo. Anayarudia bila kujua. Kijuujuu anasema tu hali ya hewa ni mbaya na ushindi ni mzuri, kwa hiyo kama kauli ni kweli kinzani nyepesi, inafunguka mara moja. Uzito uko kwenye mwangwi. Na usikilize mizani: mistari ya wachawi ni mifupi, mapigo manne, mingi ina silabi saba au nane na inaanza na mkazo, mstari wa Macbeth ni wa silabi kumi kama wanavyosema waungwana wengine wa tamthilia. Maneno yaleyale yamehamia kwenye kinywa cha jemadari na kuvaa mavazi ya heshima. Mstari wa wachawi pia umepangwa kwa kukingamana, zuri, baya, baya, zuri, hata ukiusoma kinyumenyume unabaki vilevile. Ukipata tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotoka 1968, isome sambamba na asili uone mkingamo huo umeshughulikiwaje.

Tatu, mnyororo wa uanaume. Macbeth katika 1:7 anasema: nathubutu yote yanayomfaa mwanamume, anayethubutu zaidi ya hayo si mwanamume. Mkewe anaigeuza: ulipothubutu ndipo ulipokuwa mwanamume, na ukiwa zaidi ya ulivyokuwa utakuwa mwanamume zaidi. Kauli mbili, mantiki mbili. Kwa mume, kuzidi ni kupungua. Kwa mke, kuzidi ni kuongezeka. Anakubali ya mkewe, na tamthilia inathibitisha yake mwenyewe: kufika 5:5 anasema amekaribia kusahau hofu ina ladha gani, na habari ya kifo cha mkewe inamkuta mtu aliyekauka. Jibu kamili linatoka kwa Macduff katika 4:3. Malcolm anamwambia alichukulie jambo hili kiume. Anajibu kwamba atafanya hivyo, lakini lazima pia aumie kama mwanamume. Ukizifuata sehemu hizi tatu kwa mfululizo, una insha nzima.

La mwisho ni 3:2, na kwangu hapa ndipo pazito kuliko pote. Lady Macbeth akiwa peke yake anasema hakuna kilichopatikana na vyote vimetumika, pale tamaa inapotimia bila ridhaa. Heri kuwa yule tuliyemwangamiza kuliko kuishi kwenye furaha yenye mashaka tuliyoipata kwa kuangamiza. Mumewe anaingia. Yeye anabadilika mara moja, anamwambia yasiyo na dawa yasifikiriwe. Mume, ambaye hakumsikia, anasema karibu jambo lilelile: heri kuwa pamoja na wafu, ambao ili tupate amani tumewapeleka kwenye amani. Neno amani liko mara mbili, la kwanza ni la utulivu wa nafsi, la pili ni la kaburi. Wanandoa hawa wana kweli kinzani moja vichwani, na hawaambiani. Walipanga kuua pamoja, sasa kila mmoja anateseka kivyake kwa wazo lilelile.

Mwanagenzi_wa_Fasihi

Ahsanteni sana, nimeanza kuona njia. Mdau, hiyo ya 3:2 sikuwa nimeiona kabisa.

Swali la tatu bado linanisumbua, la kwa nini nyingi hivi. Na yule bawabu mlevi wa 2:3 anahusika? Nimeandika aya ya kujaribu, naombeni mnikosoe bila huruma:

"Shakespeare ametumia kweli kinzani kuonyesha kuwa mambo si kama yanavyoonekana. Kwa mfano, wachawi wanasema kizuri ni kibaya na kibaya ni kizuri. Hii inaonyesha kuwa dunia ya Macbeth imepinduka. Pia Lady Macduff anasema mtoto wake ana baba na hana baba. Hizi ni kweli kinzani kwa sababu zinajipinga."

Bint_Riwaya

Nijibu la kihistoria na la bawabu, aya nawaachia walimu.

Tamthilia hii kwa kawaida inawekwa karibu na mwaka 1606, ingawa ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623. Miezi michache kabla, tarehe 5 Novemba 1605, iligunduliwa njama ya kundi la Wakatoliki ya kulipua bunge pamoja na Mfalme James I. Mwaka 1606 padri Mjesuiti Henry Garnet alishtakiwa kwa kuhusika na akanyongwa. Kilichozungumzwa sana katika kesi yake ni fundisho la jibu la maana mbili: mtu anayehojiwa na watesi wake anaweza kusema maneno ya kweli kwa maana aliyonayo moyoni, huku msikilizaji akielewa kingine. Garnet alikuwa ameandika juu ya jambo hilo.

Bawabu wa 2:3 anajifanya ni bawabu wa jehanamu, na mmoja wa anaowakaribisha ni msema-mawili aliyeweza kuapa kwenye sahani zote mbili za mizani, kila moja dhidi ya mwenzake, lakini hakuweza kujiombea mbinguni kwa maneno ya namna hiyo. Hadhira ya 1606 haikuhitaji tanbihi. Kisha anamwambia Macduff kuhusu pombe: huchochea matamanio na kuondoa uwezo, humjenga mtu na kumbomoa, humwamsha na kumlaza. Ni kweli kinzani ya kilevi, na watu wanacheka, lakini irudie polepole ukimfikiria Macbeth na wachawi. Utabiri ulimfanyia hivyohivyo. Mzaha wa bawabu ni muhtasari wa tanzia umewekwa kwenye mdomo wa mtu asiyejua anachosema.

Kuhusu James: nasaba yake ya Stuart ilidai imetokana na Banquo. Katika 4:1 wachawi wanamwonyesha Macbeth msafara wa wafalme wanane wa uzao huo. Kwa hiyo ile "utazaa wafalme ingawa wewe hutakuwa" ilikuwa na jibu lililo hai, limeketi kwenye kiti cha enzi cha Uingereza tangu 1603.

Ila tahadhari moja. Usiandike kwamba maana mbili ni silaha ya waovu peke yao. Nenda 4:3. Ross, mmoja wa wakuu wa Uskoti, analeta habari za mauaji ya familia ya Macduff. Macduff anauliza mke wangu hajambo? Ross anajibu hajambo. Na watoto? Hawajambo pia. Je, dhalimu hajaivuruga amani yao? La, walikuwa na amani nilipowaacha. Kila neno ni kweli kwa maana ya kaburi, na Ross ni mtu mwema anayeshindwa kutamka. Dakika chache kabla yake, Malcolm amejisingizia uzinzi, uroho na ukosefu wa kila sifa ya mfalme ili ampime Macduff, kisha akayakana yote. Amesema uongo ili aupate ukweli. Macduff ananyamaza, na alipoulizwa sababu akasema mambo ya kupendeza na ya kuchukiza yakija kwa pamoja ni vigumu kuyapatanisha. Hapo ndipo utaona kwa nini zimejaa: chini ya dhalimu hata watu wema hawawezi kusema jambo moja kwa maana moja.

Mwl_Tamthilia

Mwanagenzi, umeomba tusikuonee huruma, basi twende kwenye aya.

Sentensi ya kwanza, "mambo si kama yanavyoonekana", ingeweza kuandikwa juu ya tamthilia yoyote iliyowahi kutungwa. Ifute. Sentensi ya wachawi umeinukuu lakini hukusema ni nani anayeathirika, namba 3 imekosekana. "Dunia imepinduka" ni dai lisilo na ushahidi. Hapo ungeweza kuleta 2:4, ambapo mchana ni kama usiku na farasi wa Duncan wanakulana. Na kufunga kwa "zinajipinga" kunakurudisha ulipoanzia.

Lady Macduff ni chaguo zuri sana, ajabu umemtupa mwishoni kwa mstari mmoja. Mjengee aya yake peke yake. Kitu kama hiki:

"Katika 4:2 Lady Macduff anasema mwanawe amezaliwa na baba, na bado hana baba. Upande wa kwanza ni kweli kwa damu: Macduff yu hai. Upande wa pili ni kweli kwa ulinzi: amekimbilia Uingereza na kuacha nyumba bila mtu wa kuitetea. Onyesho hilohilo mama anamwambia mtoto kwamba baba yake amekufa, naye mtoto anakataa kuamini. Kabla onyesho halijaisha wauaji wameingia, na mtoto ndiye anayeuawa mbele yetu. Maana ya pili ya kauli ya mama inathibitishwa kwa vitendo. Kinzani hii pia inambana Macduff: amekwenda kuiokoa nchi, na kwa kufanya hivyo amewapoteza wale ambao nchi hiyo ilikuwa nyumba yao."

Ona kwamba neno "kweli kinzani" halijatokea hata mara moja katika aya hiyo. Litaje mara moja mwanzoni mwa insha, kisha acha uchambuzi ufanye kazi. Kuhusu idadi, kauli tatu zilizochambuliwa hivi zinatosha insha ya mtihani. Saba zilizotajwa tu hazitoshi. Chagua moja yenye ufunguo (Birnam au Banquo), moja isiyofunguka (1:3 au 3:2), na moja ya muundo, yaani ile ya usalama unaozaa hatari.

Jambo jingine linaloharibu majibu: mwanafunzi anaandika "wachawi walimlazimisha Macbeth". Hakuna mahali katika 1:3 wachawi wanapomwambia Macbeth aue. Wanasema atakuwa mfalme, basi. Mauaji anayaleta yeye kichwani mwake, na ndiyo maana nywele zinamsimama.

Msomaji_wa_Usiku

Niongeze hapo kwa Mwalimu, kwa sababu mtihani mara nyingi unataka ulinganishe tanzia mbili. Ukiwa na Mfalme Edipode ya Sophocles mkononi, tofauti iko wazi. Edipode anaambiwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake, anaikimbia Korintho, anakodhani ndiko kwa wazazi wake, ili yasitokee, na safari hiyo ndiyo inayomkutanisha na baba yake kwenye njia panda. Anatimiza utabiri kwa kuukimbia. Kweli kinzani nyingine zote za tamthilia ile, mtabiri Tiresia kipofu anayeona na mfalme mwenye macho asiyeona, zinaning'inia kwenye hiyo moja.

Macbeth anafanya mawili. Utabiri wa taji lake anaukimbilia: katika 1:3 anasema kama bahati inataka awe mfalme basi imvike taji bila yeye kujisumbua, lakini haisubiri. Utabiri wa uzao wa Banquo anaupiga vita, hadi katika 3:1 anaialika Bahati yenyewe uwanjani wapigane mpaka mwisho. Maneno yametoka kwenye vinywa vilevile, saa ileile, sehemu ileile. Kama wachawi wanasema kweli, kumuua Fleance hakuwezekani. Kama wanasema uongo, hakuna sababu ya kumuua. Weka hoja hiyo kwenye insha yako, itete kwa mistari ya 3:1 niliyotaja, na Edipode aje baadaye kwa aya moja tu ya ulinganisho.